Sura ya Tano: Mwacha Asili

Anayetaka kujua umri wa picha ya zamani ya ufukwe wa Mji Mkongwe aanze kwa kutafuta mnara. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba halikuwa na mnara usoni mwake. Mnara wa taa ya kuongozea vyombo ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zikayapiga mizinga majumba ya Sultani kwa muda usiotimia saa moja, na mnara ule ukawa miongoni mwa vilivyoharibiwa. Jumba lilipotengenezwa mwaka uliofuata, mnara wenye saa ukaunganishwa na uso wake. Ukakaa hapo hadi tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu ya mbele ya jumba ilipoporomoka, ikaua watu wawili na kwenda na mnara.

Kwa hiyo picha moja tu humwambia mengi mwenye kuitazama vizuri. Mnara ukiwa peke yake mbele ya jumba, picha imetangulia ile asubuhi ya mizinga. Ukiwa umeshikana na jumba, picha ni ya 1897 au baada yake. Usipoonekana kabisa, ama picha ilipigwa katika miezi iliyofuata mizinga, ama ni ya juzijuzi. Watunza nyaraka, wasanifu wa majengo na wajukuu wanaotafuta sura ya babu yao wote hutegemea ushahidi wa namna hii, vitu vidogo ambavyo mpiga picha mwenyewe hakuvijali.

Leo simu ya kawaida inaweza kuuondoa mnara huo. Unaugusa, unabonyeza, na mahali ulipokuwa panajaa anga na nguzo zilizopangika vizuri. Ukitaka mnara urudi kwenye picha ya mwaka huu, nao unarudi. Kazi iliyokuwa ya fundi kwa siku nzima inafanywa na mtoto akiwa amekaa barazani.

Sura hii inazungumzia programu za kutazama na kuhariri picha, na mambo yaliyoongezwa ndani yake toka zilipoanza. Matangazo ya kila toleo jipya hutuonyesha yanayovuta macho: kufuta, kung'arisha, kupandikiza. Lakini ukiyapanga maboresho yote kwa miaka, utaona kwamba yenye thamani zaidi hayakupigiwa tarumbeta. Ni yale yaliyoifanya programu iache kuiharibu picha ya asili, na ikumbuke kila ilichoifanyia. Kwa mji unaopoteza majengo yake, na kwa familia zilizotawanyika kutoka Unguja hadi Muscat na London, hilo ndilo la maana.

Penseli, kisu na kioo

Kurekebisha picha hakukuletwa na kompyuta. Kamera ilifika pwani yetu mapema: msafara wa Kapteni Charles Guillain wa Ufaransa, uliozunguka Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, ulikuwa na vifaa vya daguerreotype, picha za kwanza zilizopigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. James Augustus Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860 kabla ya kwenda bara pamoja na mpelelezi mwenzake, Speke. Karne ya 19 ikielekea mwisho, biashara ya picha mjini ilishikwa na Wagoa: A. C. Gomes na J. B. Coutinho walipiga picha za masultani, wafanyabiashara na mitaa, na kadi zao za posta zilisafiri dunia nzima. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, kwenye barabara inayoitwa leo Barabara ya Kenyatta. Alipiga picha enzi za Sultani Khalifa bin Harub, akapiga na miaka ya Mapinduzi, na kazi ikaendelezwa na mwanawe, Rohit.

Katika studio za zama hizo, picha ya mteja haikutoka ilivyopigwa. Dawa iliyopakwa kwenye vioo na filamu za mwanzo haikuhisi rangi nyekundu, kwa hiyo kila kilichokuwa na wekundu au hudhurungi kilitoka cheusi kupita kiasi. Chunusi ndogo ikawa doa, na ngozi yenye wekundu ikatiwa giza ambalo haikuwa nalo. Fundi aliweka negativu juu ya kioo chenye mwanga kutoka chini, akachonga penseli hadi ncha ikawa kama sindano, akajaza nukta mojamoja. Kwa kuwa negativu hugeuza weusi kuwa weupe, alipopaka risasi ya penseli sura ilipata nuru katika karatasi. Alipotaka kuongeza giza, alikwangua kwa kisu.

Anga nayo ilikuwa tatizo. Dawa ile ilishiba haraka kwa mwanga wa buluu, na mawingu ya Unguja yakatoka kama shuka jeupe. Mafundi wengi duniani walikuwa na hazina ya negativu za mawingu, wakichapa anga ya siku nyingine juu ya mandhari ya leo. Kisha ikaja rangi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kadi nyingi za posta zenye picha za Afrika zilichapwa Ujerumani, na aliyechagua rangi ya kanga au ya mlango alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuteremka bandarini Malindi. Anayetumia kadi hizo kama ushahidi wa rangi za mavazi ya wakati ule ajue kwamba anasoma mawazo ya kiwanda.

Katika ufundi wote huo kulikuwa na hatari moja. Penseli iliyopakwa juu ya vanishi iliweza kufutwa, lakini kisu hakikuwa na marejeo. Negativu ilikuwa moja tu, na kila mkwaruzo uliingia kwenye asili yenyewe. Tena hewa ya chumvi, joto na unyevu wa kisiwa ni adui wa filamu: kuvu huota juu ya jelatini na kuacha mizizi kama utando wa buibui. Picha nyingi za Unguja zilipona kwa sababu zilichukuliwa mbali. Mkusanyo wa Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, uko Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, na Mzanzibari huutazama kwa intaneti.

Programu iliyoanza kama kioo cha kutazamia

Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa na kompyuta ya Macintosh Plus ambayo kioo chake kilijua rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Akaandika programu ndogo ya kuiwezesha ionyeshe picha zenye vivuli vya kijivu. Akaiita Display. Kazi yake ilikuwa kutazama tu. Mdogo wake, John, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Industrial Light & Magic iliyotengeneza picha za ajabu za filamu za sinema, akamshawishi aongeze vitu vya kurekebisha. Februari 1990 Adobe waliitoa sokoni kwa jina la Photoshop.

Picha waliyoitumia kuwaonyesha watu uwezo wa programu ilipigwa ufukweni: mchumba wa John, Jennifer, amekaa mchangani Bora Bora mwaka 1987, amewapa mgongo watazamaji. Mbele ya wageni, Jennifer akarudufiwa akawa wawili, na kisiwa cha nyuma kikazaa kisiwa kingine. Programu mashuhuri kuliko zote za kuhariri picha ilitangazwa kwa kughushi kisiwa.

Zana zake nyingi zilitoka chumba cha giza. Ile ya kuongeza nuru sehemu moja ya picha ina alama ya kijiti chenye duara, kwa sababu fundi wa zamani alikinga mwanga wa mashine ya kuchapa kwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya. Ya kuongeza giza ina alama ya mkono uliokunjwa, mkono aliouweka fundi ili mwanga upite mahali anapotaka tu. Hata njia ya kunoa kingo za picha ilitokana na mbinu ya kupandanisha negativu na nakala yake yenye ukungu.

Ila na ile hatari ya chumba cha giza ilirithiwa. Katika matoleo ya mwanzo, ulichopaka juu ya picha kiliingia ndani ya picha. Ukiandika jina la bwana harusi juu ya mandhari ya Forodhani, maandishi yalikula pikseli zilizokuwa chini yake. Ukijuta, ungeweza kurudi hatua moja tu.

Tiba ilikuja kwa awamu. Mwaka 1994 toleo la tatu likaleta matabaka, picha ikabaki chini na maandishi juu yake, kila kimoja peke yake. Mwaka 1996 yakaja matabaka ya marekebisho, ambayo hayana picha ndani yake, yana maagizo tu: ongeza nuru, punguza manjano. Ukiifungua alama ya jicho iliyo kando ya tabaka picha inang'aa, ukiifunga inarudi ilivyokuwa. Mwaka 1998 ikaja orodha ya historia, ukaweza kurudi nyuma hatua nyingi. Brashi ya kuponya makovu, ile iliyopendwa na kila studio, ilifuata mwaka 2002. Na mwaka 2007 Lightroom, programu nyingine ya Adobe, ikaenda mbali zaidi. Haiigusi kabisa picha ya asili, inaandika pembeni orodha ya mabadiliko na kuyatekeleza unapotazama. Ndivyo afanyavyo fundi cherehani mwenye busara: anachora chaki juu ya kitambaa, anatazama, anafuta, anachora tena, na mkasi anaushika mwisho kabisa.

Mtazamaji mdogo na picha iliyolala ubavu

Si kila duka la picha Darajani linahitaji mtambo mzito. Kazi kubwa ya kila siku ni kufungua picha kutoka kwenye fleshi, kuchagua, kukata kipimo cha paspoti saizi na kuchapa. Hapo ndipo programu ndogo za kutazama zilipojipatia heshima. IrfanView ilitolewa mwaka 1996 na Irfan Škiljan, kijana kutoka Jajce, Bosnia, aliyesoma Vienna. Ni nyepesi, hufunguka upesi kwenye kompyuta kuukuu, haidai malipo kwa matumizi ya nyumbani, na inaweza kubadilisha majina au vipimo vya picha mamia kwa mpigo mmoja. XnView ya Mfaransa Pierre-Emmanuel Gougelet imepita njia hiyohiyo.

Jambo moja katika programu hizi halionekani kwa macho, nalo ni kuzungusha picha bila hasara. Picha za JPEG, mfumo uliopitishwa mwaka 1992, hupunguza uzito wa faili kwa kuigawa picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa ndani ya kila kiboksi chembe ambazo jicho halitazikosa. Zikitupwa zimetupwa. Ukifungua picha ya JPEG, ukaizungusha, ukaihifadhi, programu ya zamani iliijenga upya na kutupa chembe nyingine. Mara moja hujui tofauti. Fanya hivyo mara kadhaa, na kingo za maandishi ya Kiarabu juu ya mlango uliochongwa zitaanza kuwa na vumbi. Programu za kutazama za kisasa huvihamisha na kuvigeuza viboksi vyenyewe pasipo kuvifungua, mradi vipimo vya picha vigawanyike sawasawa. Picha imezunguka, na hakuna chembe iliyopotea.

Zamani kidogo, kila mpiga picha wa harusi alikutana na kioja cha bibi harusi aliyelala ubavu. Kamera au simu ikielekezwa wima mara nyingi haigeuzi picha. Inaandika ndani ya faili kwamba programu ya kutazama iigeuze. Programu zisizosoma ujumbe huo ziliionyesha picha imelala, mwenye duka akaizungusha kwa mkono, kisha programu nyingine iliyousoma ikaizungusha tena. Programu za kutazama zilipojifunza kuusoma ujumbe na kuusahihisha baada ya kuzungusha, adha hiyo ikapungua sana. Ni boresho lisilo na jina la kuuzia, lakini limeokoa saa nyingi za watu wenye wateja mlangoni.

Hifadhi si sawa na kutoa

GIMP ni programu huria, haiuzwi, na kwa sababu hiyo ni mlango wa wengi wasioweza kulipia leseni. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Mwaka 2012 toleo la 2.8 lilileta badiliko lililowaudhi watumiaji wengi. Tangu hapo amri ya kuhifadhi huhifadhi faili ya kazi tu, yenye matabaka yote. Ukitaka JPEG au PNG, lazima utumie amri nyingine ya kutoa nakala. Watu walilalamika kwamba wameongezewa hatua bure.

Hawakuongezewa bure. Aliyepunguza picha ya skani ili itoshe kutumwa kwa simu, kisha akabonyeza kuhifadhi kwa mazoea, alikuwa ameifuta asili kwa sekunde moja. Kwa utaratibu mpya, nakala ndogo inatolewa kando na faili ya kazi inabaki. Programu iliweka kizingiti mahali ambapo watu walikuwa wakianguka.

Mwaka 2018 toleo la 2.10 likaifungulia GIMP picha zenye kina zaidi. Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 kati ya giza na mwanga kwa kila rangi. Ya biti 16 ina ngazi 65,536. Tofauti hiyo utaiona ukipiga picha kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe saa saba mchana. Juu ukuta wa chokaa unawaka jua, chini mlango uko kivulini. Ukivuta nuru ya kivuli kwenye picha ya ngazi 256, misumari ya shaba na maua yaliyochongwa hutoka na michirizi, maana ngazi chache zimenyooshwa kupita uwezo wake. Kwenye ngazi elfu nyingi, nakshi hutoka laini. Hali ni hiyohiyo kwa skani ya negativu iliyofifia, ambayo habari zake zote zimejibana katika sehemu ndogo ya kijivu.

Kisha, Machi 2025, likatoka toleo la 3.0 lililosubiriwa kwa miaka mingi. Ndani yake vichujio haviingii tena kwenye picha moja kwa moja. Ukinoa kingo leo na kesho ukaona umenoa mno, unarudi kwenye kichujio kilekile na kupunguza. Kile ambacho wenye kulipia walikuwa nacho kwa muda mrefu kikamfikia na asiyelipa.

Maneno yaliyoandikwa ndani ya faili

Wazee wetu waliandika nyuma ya picha: majina, mahali, mwaka, na studio ikapiga mhuri wake. Faili ya picha nayo ina mgongo wake. Mfumo wa Exif, uliotungwa Japani katikati ya miaka ya 1990, huandika tarehe, kamera, lenzi na, simu ikiruhusiwa, mahali picha ilipopigwa. Mifumo mingine ya IPTC na XMP humpa mtu nafasi ya kuandika maelezo yake: huyu ni nani, hapa ni wapi, picha asili anayo nani. Programu za kutazama zikaongezewa dirisha la kusoma na kuandika hayo, na baadhi huandika maelezo ya picha nyingi kwa pamoja.

Maandishi hayo nayo yanataka kusomwa kwa akili. Kwa miaka mingi Exif iliandika saa bila kusema ni saa ya wapi. Mgeni aliyekuja na kamera iliyofuata saa za London akapiga picha ya ngalawa Nungwi jua linachomoza, faili ikasema saa tisa na nusu za usiku. Mwaka 2016 Exif ikapata nafasi rasmi ya kuandika tofauti ya saa za eneo, na programu mpya husahihisha saa za picha za safari nzima kwa amri moja.

Hata hivyo njia kuu ya picha zetu leo ni WhatsApp, na WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza na kuyaondoa maandishi ya mgongoni. Picha ya bibi inayozunguka kwenye kundi la ukoo kutoka Unguja kwenda Muscat na kurudi imekatwa chembe njiani na imepoteza jina na tarehe. Anayetaka kumpa nduguye asili aitume kama dokumenti. Faili itafika nzito, lakini itafika nzima.

Kujaza pengo kwa kubuni

Hadi hapa programu ilipofuta doa, ilikopa pikseli za jirani. Mwaka 2010 Photoshop ilianza kujaza pengo kwa kusoma mazingira yake. Mwaka 2021 Google wakatia kwenye simu zao kifutio cha kuondoa watu waliopita nyuma ya picha. Mwaka 2023 Adobe wakaleta ujazaji wa akili mnemba: unaandika unachotaka, nayo inakibuni kutokana na mamilioni ya picha ilizofunzwa.

Kwa picha ya mwaliko wa harusi, hakuna ubaya. Waya za umeme zinazokata uso wa bibi harusi ziondoke, na anayeona hadanganywi juu ya jambo lolote lenye uzito. Katika picha ya paspoti, uso ukishaguswa, ofisi inayotaka kumtambua mtu imenyimwa ilichokuja kutafuta. Na katika picha ya jengo, athari yake ni kubwa zaidi. Mji Mkongwe uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na msanifu anayetaka kuirudisha roshani iliyoanguka hutazama picha za zamani akihesabu nguzo, akipima nafasi kati yake, akichunguza umbo la nakshi. Akipewa skani yenye kona iliyoliwa na mchwa, anajua kwamba kona ile hana habari zake. Akipewa skani ileile iliyojazwa na akili mnemba, ataona kona nzima yenye nguzo nzuri ambazo hazikuwahi kusimama popote. Kasoro iliyo wazi ina manufaa kwake kuliko uzuri wa kubuni.

Wenye programu wameliona tatizo. Mwaka 2021 Adobe, Microsoft, BBC na wengine waliunda C2PA, muungano unaotunga kanuni za kuandika ndani ya faili historia ya picha: imepigwa na kamera gani, imehaririwa na programu ipi, akili mnemba imetumika au la, yote yakilindwa kwa sahihi ya kidijitali. Hati hiyo inaweza kuondolewa, na mitandao mingi ya kijamii bado haiiheshimu ipasavyo. Lakini mwelekeo wake ndio uleule wa tabaka la marekebisho, historia ya hatua na amri mbili za GIMP. Programu inaweka kumbukumbu ya kazi yake.

Faili tatu

Mwenye sanduku la picha za familia hana haja ya kusubiri kampuni za ng'ambo zikubaliane. Zana zilizopo zinatosha, nyingi zikiwa za bure, akishika utaratibu wa faili tatu.

Ya kwanza ni asili. Skani picha yote pamoja na kingo zake zilizochakaa, kisha geuza uskani na mgongo wenye mwandiko na mhuri wa studio. Tumia mfumo usiotupa chembe, kama TIFF, kwa biti 16 skana yako ikiweza. Andika majina ya watu ndani ya maelezo ya faili wakati aliyewajua angali hai. Faili hii haihaririwi, na nakala yake ikae nyumba nyingine au kisiwa kingine. Ya pili ni faili ya kazi, yenye matabaka, ambamo unasafisha kuvu, unarudisha nuru, na kila ulichofanya kinaweza kufunguliwa na kufungwa. Ya tatu ni nakala ya kutoa: JPEG ndogo ya kutuma kwa jamaa au kuchapa na kutia kwenye fremu, ipambe utakavyo.

Duka la picha nalo linaweza kubadili linachouza. Mteja aliyeleta picha pekee ya baba yake iliyochanika huondoka na uso uliosafishwa, na mara nyingi skani ya kwanza hufutwa ili kompyuta ipate nafasi. Asiondoke hivyo. Aombe skani isiyoguswa iwekwe kwenye fleshi pamoja na picha iliyosafishwa, na fundi aiuze kama sehemu ya kazi, kwa bei yake. Programu za miaka kumi ijayo zitasafisha vizuri kuliko za leo, kama za leo zinavyoishinda penseli ya zamani. Zitahitaji kitu kimoja tu kutoka kwetu, nacho ni asili yenyewe, madoa yake yakiwa mahali pake.